Dinosauri hawakupondwa na jiwe

Wiki hii nimeonyeshwa tena mchoro wa dinosauri anayeangukiwa mgongoni na jiwe la moto, na nikaulizwa tena iwapo wote walipondwa siku moja. Hapana, na nimechoka kulisikia.

Kuhusu jiwe lenyewe nitasema machache. Asteroidi yenye upana wa kilomita 10 hivi iliipiga Dunia miaka milioni 66 iliyopita, ikaacha kasoko (shimo kubwa la mgongano) ya Chicxulub, yenye upana wa kilomita 180 hivi, ambayo sasa imefukiwa chini ya rasi ya Yucatán nchini Meksiko na bahari iliyo kando yake. Mwaka 1980, wanasayansi Luis na Walter Alvarez pamoja na wenzao walikwisha kuonyesha kwamba tabaka jembamba la udongo la wakati huo, huko Gubbio, Italia, lina iridi nyingi isivyo kawaida: metali iliyo adimu kwenye uso wa Dunia lakini nyingi zaidi katika asteroidi.

Mshindo, joto na tsunami viliwaua waliokuwa karibu. Waliokuwa upande wa pili wa Dunia waliuawa na giza, baridi na njaa. Miamba iliyopigwa ilikuwa na jasi nyingi, na jasi ina salfa. Ilipovukizwa, salfa ilipanda angani ikawa matone madogo mno yanayorudisha mwanga wa jua, na pamoja na vumbi na masizi ikaufifisha mwanga huo hadi usanisinuru, yaani mimea kujitengenezea chakula kwa mwanga, ukakwama nchi kavu na baharini. Mla majani akakosa chakula, na mla nyama akamfuata. Ndiyo maana foraminifera wengi waliokuwa wakielea baharini walitoweka wakati huohuo: viumbe wadogo kama punje za mchanga, waliotapakaa katika bahari zote, hawawezi kupondwa na jiwe moja.

Vitabu vya shule huishia hapo kana kwamba mjadala umefungwa, ilhali bado tunabishana kama kilichozuia mwanga zaidi kilikuwa salfa, masizi au vumbi laini, na kama giza lilidumu miezi au miaka. Tena kuna volkano za Deccan nchini India, zilizomwaga lava kabla na baada ya mgongano. Mimi naiona asteroidi kuwa chanzo kikuu, kwa sababu viumbe wa baharini walitoweka ghafla palepale penye iridi, lakini siwezi kuapa kwamba Deccan haikuwa na mchango wowote.

Hata neno "wote" si sahihi. Ndege ni dinosauri, na baadhi yao walinusurika. Huenda waliokolewa na midomo isiyo na meno, iliyoweza kula mbegu zilizosalia ardhini baada ya majani kwisha.