Dhamana: nani aamue, hakimu au sheria?

Kwenye madawati ya msaada wa kisheria swali hili haliishi: "Mbona jirani aliyeshtakiwa kwa wizi yuko nje, na kaka yangu ambaye naye hajahukumiwa yuko rumande mwaka wa pili?" Jibu fupi ni kwamba kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka ya kaka halina dhamana. Kwa nini halina, hapo ndipo nchi zetu jirani zinapotofautiana.

Tuanze na Tanzania. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu kinachofahamika zaidi kama 148(5), inataja makosa ambayo mahakama hairuhusiwi kuyatolea dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, usafirishaji wa dawa za kulevya, utakatishaji fedha na mengineyo. Kwa mashtaka hayo hakimu hana la kupima. Mshtakiwa awe bibi wa miaka 70 ambaye hajawahi kutoka wilayani kwake, au mtu mwenye pasi mbili za kusafiria na akaunti za benki nje ya nchi, wote wanarudi rumande. Mwendesha mashtaka anasimama, anasema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Wadhamini waliokuja na vitambulisho na barua za serikali ya mtaa wanarudi nyumbani nazo.

Kifungu hicho kimepigwa mawe mara kadhaa. Katika kesi ya Daudi Pete, mwaka 1991, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa sehemu yake mojawapo, aya ya (e), ilikwenda kinyume cha Katiba: ilimnyima mtu uhuru bila utaratibu unaoeleweka, na ilikuwa pana kupita kiasi. Mwaka 2018, katika kesi ya Jeremia Mtobesya, mahakama hiyohiyo ilibariki kuondolewa kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa kuwasilisha hati tu. Kisha ikaja kesi ya Dickson Sanga. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 148(5). Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo na kusema hakivunji Katiba. Kwa maoni yangu hoja ya Mtobesya na ya Sanga ni moja. Kama mwendesha mashtaka hapaswi kumfunga hakimu mikono kwa karatasi yake, ni vigumu kuona kwa nini aweze kufanya hivyo kwa kuchagua tu kosa la kuandika kwenye hati ya mashtaka.

Kenya nayo ilikuwa na orodha yake: mauaji, uhaini na wizi wa mabavu. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikaifuta. Chini ya ibara ya 49(1)(h), kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, ila pakiwa na sababu nzito za kumzuia. Mshtakiwa wa mauaji anaweza kupewa bondi; anaweza pia kunyimwa, kwa mfano ikionekana atawatisha mashahidi. Tofauti ni kwamba sababu hizo zinajadiliwa mbele ya jaji, na wakili wake anazijibu. Ibara hiyohiyo inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6.

Uganda imeongeza saa ya ukutani. Aliyekaa rumande siku 60 kabla ya kesi kuanza lazima aachiliwe kwa dhamana. Kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, ni siku 180 kabla kesi haijapelekwa mahakama hiyo.

Wapo wanaosema haya ni anasa ya nchi zenye polisi wengi. Mauritius si taifa kubwa, na iliwahi hata kubadili Katiba yake ili washtakiwa fulani wa dawa za kulevya wasipate dhamana. Mahakama ya Juu ya huko ilibatilisha hatua hiyo, na mwaka 2006, katika kesi ya Khoyratty, Baraza la Faragha jijini London, ambalo ndilo mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Mauritius, likakubaliana nayo: kumweka mtu ndani kabla ya hukumu ni kazi ya mahakama, si ya Bunge. Uingereza yenyewe ilikuwa na sheria ya mwaka 1994 iliyowanyima dhamana waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa kama mauaji au ubakaji, wakishtakiwa tena kwa kosa la aina hiyo. Kesi ya Caballero ilipofika Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, serikali ilikiri kwamba sheria hiyo ilikiuka Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na mwaka 2000 mahakama ikaamua hivyo.

Ndugu yako akikamatwa, ulizia kwanza ameandikiwa kosa gani, maana dhamana inategemea hilo. Kama kosa lina dhamana, nenda na wadhamini wenye vitambulisho na anwani inayojulikana. Dhamana ya polisi hailipiwi. Fedha taslimu zikiwekwa mahakamani, dai stakabadhi na uitunze: mshtakiwa akihudhuria mpaka kesi iishe, fedha hizo hurudishwa, hata akitiwa hatiani.