Jinsi ya kusoma Kilatini cha madaftari ya ubatizo

Huhitaji kujua Kilatini ili kusoma daftari la zamani la ubatizo la Kanisa Katoliki, kwa sababu mapadre walirudia maneno yale yale. Mfano: *Die 14 Martii 1871 ego infrascriptus baptizavi Mariam, natam heri ex Joanne et Anna conjugibus, patrini fuerunt…* Yaani: tarehe 14 Machi 1871, mimi niliyetia sahihi hapa chini nimembatiza Maria, aliyezaliwa jana kwa Yohane na Ana, mke na mume, wasimamizi walikuwa…

Tarehe ya mwanzo ni ya ubatizo. Ya kuzaliwa utaipata kwa kuhesabu: *hodie* ni leo, *heri* jana, *nudius tertius* juzi. Ukikuta *7bris*, usiandike Julai. Ni Septemba, maana *septem* ni saba. *8bris* ni Oktoba, *9bris* Novemba, *Xbris* Desemba.

Wengi hukwama kwenye miisho ya majina. *Mariam* hapo juu si Mariamu, ni Maria anayetendewa, yaani aliyebatizwa. *Joanne* si mwanamke. Ni Joannes, baba, ambaye jina lake limebadilika kwa kuwa limetanguliwa na *ex*. *Petrus*, *Petrum*, *Petri* na *Petro* ni mtu mmoja. Na usidhani nyumbani aliitwa hivyo: Guilielmus wa daftarini huenda alikuwa William au Wilhelm.

Neno dogo lenye faida kubwa ni *quondam*, mara nyingi *q.* tu, yaani marehemu. *Petrus quondam Pauli* ni Petro mwana wa marehemu Paulo. Baba wa mtoto akiandikwa hivyo, umeshampata babu, tena unajua alishafariki.

*Pater ignotus*: baba hajulikani. *Sub conditione*: ubatizo wa sharti, kulipokuwa na shaka kama mtoto alishabatizwa kihalali. *Ob imminens mortis periculum ab obstetrice* maana yake mkunga alimbatiza kwa hofu ya kifo. Hapo fungua daftari la mazishi, anzia siku hiyo hiyo.

Usiache pambizo. Amri ya Kanisa iitwayo *Ne temere* ya 1907, iliyoanza kutumika 1908, iliagiza ndoa iandikwe pia kwenye daftari la ubatizo. Ukiona *matrimonium contraxit cum*, linalofuata ni jina la mwenzi, na mara nyingi tarehe na parokia ya ndoa, ambako utaendelea kutafuta.