"Sista, huyu bado anajiona"

Nimeambiwa tena wiki hii. Mgonjwa kaja kliniki ya marudio kanyoa, kachomekea, anajibu unachomuuliza, risperidoni, dawa yake ya ugonjwa wa akili, anameza bila kusukumwa. Kaka yake akanivuta pembeni: "Sista, huyu bado. Bado anajiona." Nikauliza anajiona nani. Mtume? Mwenye benki? Hapana. Kasema anataka kurudi chuo amalizie mwaka wa mwisho, na kwenye kikao cha harusi ya ukoo kataka naye apangiwe kazi kama wenzake. Basi. Hiyo ndiyo dalili niliyoletewa.

Naandika ili nikiulizwa tena nitume kiungo, niache kuhubiri koridoni. Mambo mengine nayapita mbio: skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu husikia au kuamini mambo yasiyokuwepo, si watu wawili ndani ya mwili mmoja. Wengi wenye ugonjwa huu hawajampiga mtu, na wao ndio hupigwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu mtu 1 kati ya 300 anao, kwa hiyo mtaani kwenu wapo, hata kama mnawaficha chumba cha uani. Habari ya majini ina siku yake.

Nianze na kujiona kule kwa ugonjwa, maana kupo kweli. Ukiwa katikati ya Kariakoo, honi, wapiga debe na muziki wa kila duka vinapita masikioni bila kukugusa, lakini mtu akitaja jina lako unageuka. Ubongo unachuja na kutia alama: hiki kinakuhusu, kile achana nacho. Dopamini, kemikali ya ubongo, ina mkono mkubwa katika kutia alama hiyo. Mwaka 2003 daktari Shitij Kapur aliandika makala ambayo wengi wetu bado tunaiegemea. Anasema katika saikosisi, yaani hali ya akili kupotezana na uhalisia, alama hiyo hubandikwa ovyo, hata kwenye vitu visivyo na maana yoyote. Namba ya bajaji inamhusu. Mtangazaji kukohoa kwenye taarifa ya habari kunamhusu. Taa ya jirani kuzimika kunamhusu. Mtu anayeitwa jina na kila kitu kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane atahitimisha nini? Ama anawindwa, ama amechaguliwa. Mara nyingi huamini yote mawili, kwa sababu asiye na maana nani atahangaika kumwinda?

Ndiyo maana nachukia kusikia "ana kiburi". Hakukaa akaamua kujikweza. Yamemjia kama ushahidi, tena mwingi kuliko ushahidi ulio nao wewe kwamba mwenzi wako anakupenda. Na ndiyo maana kubishana naye hakusaidii. Wewe una hoja, yeye ana mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Sasa tunampa dawa. Haloperidoli, klopromazini, sindano ya mwezi, zote zinaziba njia ya dopamini kwa namna yake. Kuitwa kunapungua. Ndugu wanashukuru, wanasema ametulia. Nami nashukuru, kwa sababu nimeona mtu aliyeachwa bila dawa anavyoishia, na asije mtu kunitumia andiko hili kama kibali cha kuziacha.

Lakini hebu kaa upande wake. Mwezi uliopita alibeba siri ya kuokoa taifa. Leo ni kijana wa miaka ishirini na kitu asiye na kazi, kanenepa, mikono inatetemeka. Simu yake anakaa nayo mama, kadi ya benki anakaa nayo kaka, na kikombe chake kimetiwa alama kana kwamba skizofrenia inaambukiza kwa chai. Amefiwa na mtu mkubwa, yaani yeye mwenyewe, na hakuna aliyekuja kumpa pole.

Hapo ndipo huletwa jina la John Nash, mwanahisabati wa Marekani aliyeugua skizofrenia, na huletwa vibaya. "Si mnaona, hawa watu huwa na vipaji vya ajabu!" Kazi yake ya nadharia ya michezo, yaani hesabu za namna watu wanavyoamua wanaposhindana, aliifanya karibu na mwaka 1950. Ugonjwa ulimwangusha mwaka 1959. Kipaji kilitangulia, na ugonjwa ulimla miaka mingi ambayo angeifanyia hesabu. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 1994 ilikuwa ya kazi ile ya ujana. Mimi navutiwa na jambo jingine. Katika maelezo ya maisha yake aliyoyaandika baada ya tuzo, anasema kurudi kwenye fikra za kawaida hakukuwa furaha tupu kama ya mtu aliyepona kilema cha mwili. Mwenye Nobel anasema hivyo! Je, huyu wetu ambaye tuzo yake ya kupona ni kuambiwa kaa kivulini usisumbue?

Watafiti wameliona hili. Mwaka 2007 Lysaker, Roe na Yanos walieleza kitu kinachotutia aibu kidogo sisi tunaoshangilia mgonjwa akisema "nimekubali ninaumwa". Kukubali ugonjwa huku umeamini pia kila kinachosemwa mtaani kuhusu wenye ugonjwa huo, kwamba ni watu wa kutupwa, kulihusiana na kukata tamaa na kujidharau zaidi. Wale waliokubali lakini hawakuumeza ule unyanyapaa walikuwa na tumaini zaidi. Na si suala la huzuni tu: takriban mtu 1 kati ya 20 wenye skizofrenia hufa kwa kujiua, na wiki za baada ya kutoka wodini ni miongoni mwa nyakati za hatari zaidi. Saa ambayo nyumba nzima inasema "afadhali sasa amejua yeye si chochote" ndiyo saa ninayotaka mtu amwangalie kwa karibu.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa. "Umekunywa dawa?"

Swali lenyewe halina kosa. Kosa ni wakati linapoulizwa. Akicheka kwa sauti: umekunywa dawa? Akikasirika kwa sababu shati lake kapewa binamu bila kuombwa: umekunywa dawa? Akisema ana wazo la kufuga kuku: umekunywa dawa? Akipinga mgawanyo wa shamba la baba, hapo ndiyo kabisa, wanamletea na maji. Baada ya mwaka mmoja anajifunza kwamba hasira yake, hamu yake na haki yake vyote vina jibu moja. Anaacha kusema. Ndugu wanaleta habari njema kliniki: siku hizi hana makuu. Nasi wa wodini tusijisafishe, maana tunaandika kwenye faili "ana ushirikiano mzuri" kwa mtu aliyekubali tu kila tunachosema ili aende zake.

Mwambie mtu mwingine yeyote mwenye miaka 26 kwamba kutaka shahada ni ugonjwa, uone.

Nakiri kwamba mpaka haupo wazi kama vitabu vinavyouchora. Mtu akiniambia anataka kurudi chuo, mara nyingine sijui kama nasikia tumaini au mwanzo wa kuugua tena. Naangalia usingizi kwanza. Naangalia haraka: ni muhula ujao au ni usiku huu huu, na nauli kaazima? Namuuliza, "Wakikataa utafanyaje?" Mwenye tumaini ataumia, kisha atafikiri. Anayeugua hana mpango wa pili, kwa sababu kwake kukataliwa hakuwezekani. Hata hivyo, wapo wazima tele wasio na mpango wa pili. Tunawaita wajasiriamali.

Ukimya nao unanichanganya. Anayekaa kibarazani kutwa nzima, hataki kuoga, hataki kusema, inawezekana ni ugonjwa wenyewe ulivyozima hamu. Inawezekana ni dozi kubwa. Inawezekana ni sonona. Inawezekana pia amehesabu akaona hakuna anachongojewa. Kwa dakika chache za kliniki, vyote vinne vina sura moja.

Halafu kuna la manabii. Mgonjwa mmoja aliniuliza, "Yule akisema Mungu kaongea naye mnampa sadaka, mimi mnanipa sindano. Tofauti ni nini?" Nikampa jibu la darasani, kwamba imani inayoshirikiwa na jamii ya mtu hatuihesabu kuwa ugonjwa. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo tatizo langu ni kukosa waumini." Sijapata jibu la kumshinda. Kinachonisaidia ni kwamba simtibu kwa kuamini kwake, namtibu kwa sababu hali chakula, halali usingizi na anavuka barabara kuu akiamini magari yatamtii.

Na wataalamu wenyewe hatujaafikiana ule ukuu unatoka wapi. Kuna wanaosema ni ngao ya mtu anayejidharau ndani kwa ndani. Kuna wanaosema ni heshima aliyokuwa nayo tayari, imekuzwa kupita kiasi. Nimeona watu wanaotosha kila upande, kwa hiyo siku hizi naacha nadharia, namuuliza mwenyewe: ulipokuwa mteule, ulikuwa unafanya nini kizuri? Majibu yanarudi palepale: nilikuwa nawasaidia watu, nilikuwa nasikilizwa, nilikuwa nangojewa mahali. Hayo hayahitaji utume.

New York kuna mahali panapoitwa Fountain House, palipoanzishwa mwaka 1948 na watu waliotoka hospitali ya akili. Anayekwenda pale ni mwanachama. Anapika, anapokea simu, anaandaa hesabu, na asipofika kazi yake inaonekana haijafanyika. Sisi hatuna jengo kama hilo kila wilaya, lakini nyumbani kuna kazi ambazo zisipofanywa zinaonekana. Usimpe ile ya kumshughulisha, kufagia ua uliokwisha fagiwa. Mpe funguo za duka asubuhi. Mpe daftari la michango ya harusi. Akikosea hesabu, mwambie amekosea kama ungemwambia mwingine, bila kutaja dawa.

Na akikwambia ametumwa kuunganisha makanisa yote? Usikubali, usibishe. Mwambie wewe huoni hivyo, kisha muulize kalala saa ngapi. Kama ni usiku wa pili hajafumba macho na ameanza kugawa fedha barabarani, hapo uliza dawa kwa sauti yako yote, na mlete siku hiyohiyo. Tarehe ya kwenye kadi isikuzuie.