Mbona mashini ya kupumulia inampa mgonjwa wetu pumzi kidogo?

Sisi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hapa Malindi swali hili tunaulizwa sana na jamaa za wagonjwa: mbona hewa inayoingia ni kidogo hivo, si muongeze apone haraka?

Sasa sikizeni. Wewe ukipumua unavuta hewa, lakini mashini inasukuma, na ikisukuma kupita kiasi inapasua vile vifuko vidogo vidogo vya mapafu, yanavimba upya na maji yanazidi kuvuja humo. Tena mapafu yakiugua vibaya sehemu kubwa huwa imejaa maji, ile nzima iliyobaki ni kama pafu la mtoto, sasa ulijaze pumzi ya mtu mzima itakuwaje?

Zamani ilikuwa kawaida kila pumzi kutia mililita 12 za hewa kwa kila kilo ya mgonjwa. Mwaka 2000 ukatoka utafiti wa Marekani, wagonjwa 861, waliopewa 12 walikufa karibu 40 katika kila 100, waliopewa 6 wakafa 31. Kupunguza pumzi tu jamani, hakuna dawa mpya hapo!

Na kilo zenyewe sio za mizani. Mtu akinenepa kwa biriani na mahamri mapafu hayanenepi naye, kwa hivo ukituona na tepu kama mafundi cherehani tunampima mgonjwa utosini mpaka kisiginoni usishangae, tunatafuta urefu. Mwanamume wa sentimita 170 tunamhesabia kilo 66 hata kama ana 100, pumzi moja inakuja kama mililita 400, haijazi hata chupa ya maji ya nusu lita.

Kingine, hewa haiachwi itoke yote. Mnakumbuka mifuko ya plastiki kabla haijapigwa marufuku 2017, mfuko ukiloa unagandana mpaka kuufungua ni kazi? Vifuko navyo vikifunga na kufunguka kila pumzi vinachubuka, kwa hivo mashini inabakisha presha kidogo ndani.

Mkimkuta kalazwa kifudifudi pia msishtuke, akilala chali sehemu ya mgongoni inabanwa, basi aliyezidiwa sana tunamgeuza hivo masaa 16 au zaidi kwa siku.

Na oksijeni ya damu kwenye skrini ikisoma asilimia 92 msije mbio na kelele, hatutafuti 100. Bora mumuulize nesi wa zamu, mgonjwa wetu ana urefu gani na anapewa mililita ngapi?