Mazoea Hayahesabiwi kwa Siku

Kila mwaka mpya unapoingia, ahadi ile ile hurudi: fanya jambo siku 21 mfululizo, litakuwa mazoea. Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mtu aliyekuwa akimwambia mwenzake kwamba, kwa kuwa ameruka siku moja katikati, hana budi kuanza kuhesabu upya. Mwenzake akaona heri aache kabisa. Ushauri unaomvunja moyo mtu aliyekuwa akienda vizuri unastahili kusahihishwa.

Mazoea ni tendo linaloitwa na mazingira yake. Mahali fulani, saa fulani, au jambo lililotangulia huliamsha, nalo likafanyika kabla mtu hajaamua kulifanya. Ukifunga mlango, ukaondoka, kisha njiani ukashindwa kukumbuka kama uliufunga, hayo ndiyo mazoea. Mkono ulifanya kazi yake na akili ilikuwa kwingine.

Namba 21 ilitoka wapi? Asili yake inayojulikana ni Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21, kwa uchache, kabla ya kuizoea sura yao mpya kwenye kioo. Maneno "kwa uchache" ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kupotea kadiri habari ilivyopita mdomo hadi mdomo. Lakini kuna upotovu mkubwa zaidi ya huo. Maltz alikuwa akieleza jinsi kitu kigeni kinavyoacha kukushtua machoni. Hakupima watu wanaojifunza kukimbia alfajiri, kuacha sigara au kuweka akiba. Uso mpya hautaki ufanye lolote. Upo tu, nawe unauzoea hata ukiwa umelala kitandani. Tendo lazima ulitende.

Waliopima matendo ni Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, wakalifunga kwenye tukio la kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa, na kwa wiki 12 wakaeleza linakuja lenyewe kiasi gani. Namba ya katikati, hadi tendo likawa mazoea, ilikuwa siku 66. Sasa naona 66 nayo imeanza kutangazwa kama ilivyotangazwa 21, na hilo linanisikitisha, maana jambo la maana katika utafiti ule ni mtawanyiko: makadirio, mengine yakivuka muda wa utafiti wenyewe, yalianzia siku 18 yakafika 254. Kunywa glasi ya maji na kufanya mazoezi ya viungo havilingani. Na kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha kuonekana. Anayeambiwa aanze upya anadhulumiwa kazi aliyokwisha kuifanya.

Hata hivyo, kosa la namba ni dogo kuliko kosa lililo chini yake, la kudhani kwamba kurudia mara nyingi na kuwa na mazoea ni kitu kimoja. Mtu anaweza kuamka kukimbia mwaka mzima, na kila asubuhi akabishana na nafsi yake kwanza. Huyo ana bidii, na anastahili heshima, lakini anachokifanya bado ni uamuzi. Mazoea yana dalili yake: tendo huendelea hata faida yake ikiisha.

Hilo lilionyeshwa kwa panya huko Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kazi za wanasaikolojia Christopher Adams na Anthony Dickinson. Panya walifunzwa kubonyeza kipini wapate punje za sukari. Baadaye punje zile zikahusishwa na ugonjwa wa tumbo, wakazichukia. Waliofunzwa kwa kiasi waliporudishwa kwenye kipini walipunguza kubonyeza. Waliofunzwa kupita kiasi waliendelea kubonyeza, ingawa zawadi yenyewe hawakuitaka tena.

Binadamu hatuko mbali na hapo. Watafiti David Neal, Wendy Wood na wenzao waliwapa watu bisi ukumbini mwa sinema, wengine zilizotoka kukaangwa, wengine zilizolala siku 7. Waliozoea kula bisi kwenye sinema walizila zilizolala sawasawa na zile mpya, na wenyewe walisema hawakuzipenda. Wenzao wenye mazoea kama yao walipopewa bisi hizo katika chumba cha mikutano, walikula kidogo zilizolala. Na ndani ya sinema ile ile, mtu alipotakiwa kula kwa mkono asiouzoea, ladha mbaya ilianza kumzuia.

Hapo ndipo kubadilika kunapoeleweka. Waswahili husema mazoea yana tabu, na tabu yake ni kwamba hayasikilizi hoja. Kujikaripia na kuweka nia upya kila Jumatatu ni kuongea na sehemu ya akili ambayo haikuhusika. Kinachosaidia ni kuligusa lile linaloliita tendo: kuiondoa simu chumbani, kupita njia nyingine, kukiweka kitu mbali na mkono. Kwa tendo jipya, funga mapema sharti lililo wazi, "nikimaliza kupiga mswaki, nitameza dawa", mbinu ambayo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameitafiti kwa miaka mingi. Nayo mazoea ya zamani hayafutiki kwa urahisi. Mengi hulala tu, na mtu akirudi mahali pale pale na watu wale wale huweza kuamka. Kwa hiyo aliyerudia baada ya miezi mingi asihesabiwe kuwa dhaifu wa nia. Pengine mlango wa zamani ulifunguliwa tena.

Basi mtu akikuuliza ni siku ngapi, usimpe namba. Muulize kwa upole tendo lake analifanya wapi, na baada ya nini. Akijibu "nikipata nafasi", msaidie kwanza kulitafutia mahali pake katika siku.