Programu ya kusoma majina ya kemikali ni nini?

Kwenye lebo ya dawa ya magugu, katika duka lolote la pembejeo Mwanza, unaweza kukuta jina kama 2,4-dichlorophenoxyacetic acid. Urefu wake una sababu: jina hilo ni maelekezo ya kuchora molekuli, yaliyopangwa kwa kanuni za IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia. Programu ya kusoma majina huyafuata maelekezo hayo na kukuletea mchoro.

Kwanza hulikata jina vipande, kisha huanza na mkia. "Acetic acid" ni asidi ya siki, yenye kaboni mbili. "Phenoxy" ni pete ya kaboni sita iliyoungwa hapo kwa oksijeni. "Dichloro" ni klorini mbili, na 2,4 ni nafasi zake kwenye pete, ukihesabu kaboni iliyoshika oksijeni kuwa ya 1. Pamoja na mchoro unapata mstari wa herufi uitwao SMILES: OC(=O)COc1ccc(Cl)cc1Cl. Hizo c ndogo ndizo kaboni za pete.

Programu mojawapo ya aina hii ni OPSIN, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Ni ya bure, na ukiipakua kwenye kompyuta yenye Java (programu ya kuendeshea programu kama hii) hufanya kazi hata bando likiisha.

Ukiandika jina la biashara, programu hukwama, maana halina vipande vya kukata. Hilo litafute PubChem, hifadhidata ya kemikali iliyo mtandaoni. Kukwama si tatizo kubwa. Kosa baya ni lile lisilolalamikiwa: andika "phenyl" badala ya "phenoxy", oksijeni inatoweka na unachorewa asidi nyingine kabisa, safi, bila onyo lolote. Kwa hiyo nakili jina herufi kwa herufi, pamoja na mikato, vistari na nafasi.

Mkia wa jina ndio wenye faida kwa mkulima. Ukiona "2-ethylhexyl 2,4-dichlorophenoxyacetate", hiyo ni esta: mchoro utaonyesha mnyororo mrefu wa kaboni pale penye haidrojeni ya asidi. Lebo ikitaja "dimethylamine salt", ni chumvi, nayo huyeyuka vizuri kwenye maji. Esta nyingi za 2,4-D (jina fupi la asidi yetu ya mwanzo) huruka hewani kwa urahisi zaidi kuliko chumvi, hasa wakati wa joto. Mahindi huistahimili dawa hii, ila pamba hapana. Mvuke ukivuka mpaka wa shamba huko Kwimba au Magu, majani ya pamba ya jirani hujikunja. Hilo la mvuke programu haitakuambia. Yenyewe huchora tu.