Kwa nini kitochi hukaa na chaji siku nyingi?

Nilipoweka simu janja kabatini nikahamia kitochi, chaji ilikaa siku sita. Nikajipa jibu ambalo wengi tunalo: betri za vitochi ni kubwa, au zimetengenezwa kwa ule uimara wa zamani. Fungua mfuniko wa nyuma usome. Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi kichwani, ilitoka na betri ya mAh 850 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri). Nokia 105 ya 2013 ilikuwa na mAh 800. Simu janja nyingi za leo zina mAh 5,000, zaidi ya mara tano. Wala si suala la malighafi, kwani zote ni betri za lithiamu. Yaani inayodumu ndiyo ndogo, na hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo.

Siri ni usingizi. Fikiria benchi la zahanati ambapo nesi hutoka kuita majina kwa makundi, kila kundi kwa zamu yake. Ukiijua zamu yako, katikati unaweza kusinzia bila wasiwasi. Kwenye mtandao wa 2G, simu huijua zamu yake kutokana na namba iliyomo ndani ya laini. Huamka kila baada ya nusu sekunde hadi sekunde mbili hivi, ikatega sikio kidogo tu, isiposikia ikiitwa inalala tena. Kutwa nzima kitochi kimelala, na bado hukosi simu hata moja.

Simu janja nayo husinzia vivyo hivyo, ila haiachwi ilale. Programu moja inaulizia barua pepe, nyingine meseji za kundi la harusi, nyingine hali ya hewa. Tena data ikishaingia, mtandao hauifungi njia papo hapo. Huishikilia sekunde kadhaa kwa kuwa huenda kuna nyingine inakuja. Ni kama nesi akwambie usimame hapo hapo mlangoni, daktari anaweza kukuita tena. Neno moja tu, "Poa", limeiweka macho redio ya simu, ile sehemu inayowasiliana na mnara, muda wote huo. Halafu kuna kioo, ambacho kikiwaka hunywa chaji kuliko karibu kila kitu kingine.

Zile siku 35 zilizotangazwa kwa Nokia 105 ni za simu iliyolala tu bila kuongea. Ukipiga simu ndefu, tofauti hupungua. Mahali penye mtandao hafifu, kitochi hupaza sauti kuufikia mnara, hadi wati 2, nacho huishiwa. Vitochi vya 4G vyenye programu za intaneti vina usumbufu ule ule wa simu janja.

Kinyume chake pia ni kweli. Niliitoa ile simu janja kabatini, nikaijaza chaji, nikazima data na Wi-Fi, nikailaza mezani Ijumaa asubuhi. Jumapili jioni ilisoma asilimia 84.